Wamemzika Mwanangu Kwenye Intaneti, Sasa Niombe Radhi?

Mpendwa Shangazi Letisia, nisaidie kabla sijagombana na ukoo mzima wa mume wangu. Naitwa Salha, mama wa mtoto mmoja, nimeishia darasa la saba, nakaa hapa Makambako na nafuma sweta za watoto, na shemeji yangu Kheri mwenye duka la intaneti alitutengenezea tovuti sisi wafanyabiashara wadogo, unaandika ulichonacho na mteja wa mbali anakiona, nami nikampata Bi Consolata mwenye duka Njombe, mteja mzuri kabisa. Mwanzoni kila mtu aliandika alivyotaka mpaka matusi yakazidi, ndipo shemeji akaweka utaratibu wa kuingia kwa jina na neno la siri, na kwa vile tunasahau akaamua jina liwe lile tunaloitwa mtaani na neno la siri liwe jina la mtoto wa kwanza, kwa hiyo mimi naingia kama Mama Lulu na neno langu ni Lulu.

Shangazi, juzi niko uani naanika nepi, namuona Bi Consolata anaingia na mfuko wa unga, analia, ananikumbatia, "Pole mwanangu, kazi ya Mungu," mara Lulu huyo anatoka ndani na kiazi mkononi, mama wa watu akarudi nyuma kama kaona mzimu. Kumbe kwenye tovuti kuna maneno kwa jina langu, kwamba mwanangu amefariki na sweta hazitakuwa tayari, na kweli nilikuwa nimechelewa, basi akasema, "Ungeniambia umechelewa tu. Unamzika mtoto mzima kwa ajili ya sweta?" akaondoka.

Nikamkimbilia Kheri, akanijibu, "Shemeji, kompyuta haina umbea. Aliyeingia ni Mama Lulu. Mama Lulu ni nani kama si wewe?" Anataka niandike kuomba radhi wasome wote, la sivyo ananifuta, na mume wangu Awadhi anasema niandike tu yaishe. Shangazi, nitaandikaje kwamba nilimzika mwanangu, na kesho keshokutwa akijua kusoma? Lakini nisipoandika, nitauza wapi?

*Salha, Makambako*

Salha mwanangu, pole, na usiandike. Hata mstari mmoja.

Huyo shemeji yako amenikera. Neno la siri gani hilo ambalo watu wanalitaja kutoka ng'ambo ya barabara wakikusalimia? Ameweka kufuli, halafu akamwamuru kila mama atembee na ufunguo shingoni. Anasema kompyuta haina umbea. Haina macho pia. Haikuuona uso wako, iliona herufi nne ambazo soko zima linazijua.

Na wewe usijifanye huna lako. Umechelewesha sweta za watu ukakaa kimya, ndiyo maana uongo ulipata pa kukalia. Na kama kuna jirani unayemshuku, funga mdomo. Kwa utaratibu huo angeweza kuwa yeyote.

Usiende kwa Kheri peke yako. Nenda na Awadhi, mwambie anayesemwa amekufa ni binti yake, hilo haliishi kwa "yaishe". Mchukue na mama mwingine aliye kwenye tovuti, akubali mwenyewe, na Kheri akiwa anatazama uandike jina la huyo mama na la mtoto wake. Mlango ukifunguka, muulize: "Shemeji, sasa mimi ni nani?"

Akishapata jibu, afute maneno yale na aandike yeye kwamba kosa ni la utaratibu wake. Kisha kila mtu achague neno lake, refu, lisilo jina la mtoto wala mume, aliandike mwenyewe huku Kheri akitazama pembeni, wala yeye asiweze kulisoma baadaye. Na ukimaliza kazi, utoke kwenye jina lako kabla hujainuka kwenye kiti, anayekaa baada yako asiandike kwa jina hilo.

Halafu maliza zile sweta, mbebe Lulu, panda gari mwende Njombe. Bi Consolata alimlilia mwanao, anastahili kumuona akicheza. Mwombe radhi kwa kuchelewa. Kwa kifo, hapana.