Nilitaka Kufuta, Ikafuta

Mpendwa Mshauri, naomba msaada, na pamoja na msaada naomba uvumilivu, kwa sababu jambo langu likisimuliwa haraka linaonekana dogo kama punje ya mtama, neno moja tu la herufi nne, lakini neno hilo limeninyima raha tangu juzi, na leo darasani nilipomwona mwanafunzi anashika kifutio moyo uliruka.

Nina miaka ishirini na sita, nafundisha hesabu katika chuo cha ufundi, na siku zangu za mapumziko nazitumia kwa kile ambacho mama anakiita kazi ya wazimu: mimi ni mmoja wa watu tisa wanaojitolea kujaribu toleo jipya la Linux kabla halijatolewa. Kwa asiyejua, Linux ni mfumo wa kuendesha kompyuta unaogawiwa bure, na kila kundi linaweza kuufungasha kwa namna yake. Toleo letu tumelifungasha kwa Kiswahili, kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, ili mtu auweke mfumo kwenye kompyuta yake bila kumwita mtu mwingine amsomee. Sisi wapimaji kazi yetu ni kuuharibu kabla wengine hawajauharibu, tunausakinisha, tunauondoa, tunausakinisha tena, tunachomoa umeme katikati, tunajaza majina marefu ya kipuuzi, na kila ukurasa ukipita salama tunauwekea tiki kwenye orodha. Mshauri, sijui nikuelezeje furaha yake. Jumamosi asubuhi tunakaa kwenye maabara ya chuo, madirisha wazi, feni inalia kama mbuzi, na mtu akipiga kelele "Imekufa!" wote tunakimbilia kwake na kumpigia makofi kama kafunga bao. Mimi si mtu wa watu, lakini pale nacheka mpaka mbavu zinauma.

Maneno yote ya Kiswahili yaliyomo ni ya shangazi yangu, aliyefundisha Kiswahili miaka thelathini na minne. Alipostaafu alishindwa kuiweka chini kalamu nyekundu. Alisahihisha kadi za harusi na kuwarudishia wenyewe zikiwa na alama. Alimwambia mwenye duka la dawa kwamba kibao chake kina makosa mawili na aibu moja. Watu walianza kuvuka barabara wakimwona. Ni mimi niliyempelekea orodha ya vifungu elfu moja na mia tatu vya kutafsiri, kusema kweli ili mtaa upumue, na shangazi akachanua. Alinipigia simu katikati ya kipindi kuniuliza, "Mwanangu, hiki kipanya chenu kinabofywa au kinatekenywa?" Siku alipomaliza alinitazama juu ya miwani akasema, "Nikikosea niambieni. Ila neno langu likibadilishwa nyuma ya mgongo wangu, nitajua mmeshaniona mzee."

Sasa juzi, Jumamosi, jirani yetu msusi alipita maabara kuniletea mwavuli niliousahau saluni kwake, na kwa kuwa hajawahi kusakinisha chochote maishani nikamkalisha kwenye kompyuta ya majaribio, isiyo na kitu cha maana ndani, nikamwambia ajaribu. Alisoma kila neno kwa sauti, kidole kwenye kioo. Alipofika ukurasa unaouliza kama vitu vyote vya zamani viondolewe, akasita.

"Aka, mimi huko siendi, narudi zangu," akasema, akabofya Futa. Kompyuta ikanguruma, ikaondoa kila kitu.

"We! Mbona imefuta?"

"Si umebofya Futa?" akauliza fundi redio, ambaye ndiye kiongozi wetu.

"Ndiyo! Nilitaka kufuta, ikafuta!"

Watu walicheka mpaka fundi redio akakaa sakafuni. Nilicheka nami, halafu nikaufungua ukurasa ule kwenye kompyuta yangu, nikausoma, na kicheko kikanikauka mdomoni. Una vitufe viwili, na vyote viwili vimeandikwa Futa. Cha kushoto ni futa kama tunavyofuta safari, yaani tuache, tusiendelee. Cha kulia ni futa kama tunavyofuta ubao.

Na ukurasa ule ni wangu, nimeupa tiki mara tatu, kwa sababu mkono wangu unajua kwamba kushoto ni kurudi na kulia ni kuendelea, nikawa nabofya bila kusoma. Wenzangu wanaamini msusi alikosea. Sikuwaambia.

Toleo linatoka Jumamosi hii. Watu zaidi ya arobaini watakuja chuoni na kompyuta zao wenyewe, na wa kwanza kujiandikisha ni msusi yule yule, amenogewa, atakuja na laptopi yenye picha za misuko yote aliyosuka kwa miaka sita, ndizo anazowaonyesha wateja, na hana nakala nyingine. Shangazi ndiye atakayekata utepe, gauni ameshashonesha. Maneno yanafungwa Alhamisi saa sita mchana, baada ya hapo haibadiliki hata nukta. Ningeweza kuandika ripoti ya hitilafu, lakini ripoti zetu zinasomwa na wote, na shangazi huzisoma kwa sauti kama taarifa ya habari. Ningeweza kulibadilisha neno mwenyewe kimya kimya, ruhusa ninayo, nimeshalifungua mara nne, na mara zote nne nikaukumbuka mgongo wake. Nitamwambiaje mwanamke aliyenifundisha kusoma kwamba hakusoma? Na hata hilo si kweli, maana neno ni sahihi mahali pote pawili, hakuna kamusi ya kumtia hatiani, na ndiyo maana naumia.

Shangazi husoma safu yako kila Jumatano na, samahani, huisahihisha. Nimeficha majina yote. Ukiona bado ninatambulika, tafadhali ifute barua hii.

Ni mimi,
Mwenye Tiki Tatu

*

Mwenye Tiki Tatu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka na msusi, mara ya pili nilikukasirikia wewe.

Pole, kwanza, maana naona unampenda shangazi yako na kazi yako, na si kila mtu amejaliwa vyote viwili. Sasa kaa vizuri. Umeandika kurasa tatu kumhurumia shangazi na mistari michache kuhusu tiki zako. Ungegeuza. Shangazi hajakosea kitu. Mlimpa maneno kwenye orodha, moja moja, kama anayechambua mchele punje kwa punje, na hakuna aliyemwonyesha ukurasa. Futa moja huenda ilikuwa kifungu cha arobaini na nyingine cha mia tisa. Angejuaje kwamba siku moja mtazipangisha chumba kimoja? Aliyeuona ukurasa ni wewe, na ukaupa tiki tatu huku umefumba macho. Usinitajie miwani yake. Humwogopi shangazi, unaogopa ile orodha ya tiki ikisomwa kwa sauti. Mvi za mtu si pazia la kujifichia, binti yangu.

Na kulibadilisha neno kimya kimya, hapana. Alikwambia kwa kinywa chake kitakachomuuma. Hakusema kosa, alisema mgongo. Wewe mwenyewe umekua kwa kalamu yake nyekundu na hujafa. Leo unataka kumnyima heshima ya kusahihishwa, eti ni huruma?

Leo jioni nenda kwake na kompyuta ya majaribio, na umchukue msusi. Usiende na hotuba. Mkalishe shangazi mbele ya ukurasa ule, mwambie arudi nyuma bila kuondoa kitu, kisha funga mdomo. Mwalimu wa miaka thelathini na minne haambiwi kosa liko wapi, anapewa karatasi. Neno jipya alichague yeye. Ripoti iandike wewe, kwa jina lako, hapo hapo mezani kwake, na sentensi ya kwanza iseme kwamba uliupa ukurasa huo tiki mara tatu bila kuusoma. Mwache aisome kwa sauti. Utaona haya kwa dakika mbili, na dakika mbili ni nafuu kuliko kumtazama msusi usoni Jumamosi akitafuta misuko ya miaka sita. Hata hivyo, mwambie azihifadhi picha zake mahali pengine kabla ya kuja, neno lirekebishwe lisirekebishwe. Fundi redio na wenzake waambie kwamba msusi hakukosea. Kisha mpeni kiti cha kudumu katika maabara yenu, maana mlikuwa wajuzi tisa na mgeni mmoja, na aliyesoma ni mgeni.

Limebaki ombi lako la mwisho. Uliniomba niifute barua kama unatambulika. Chuo cha ufundi, feni inayolia kama mbuzi, shangazi mwenye kalamu nyekundu! Hata paka wenu anatambulika. Mtu anayetaka siri yake ifichike haileti kwenye gazeti ambalo shangazi yake hulisahihisha. Ulitaka ajue, ila ulitaka mdomo wa kuazima. Hata hivyo ombi ni ombi, na nilikuwa nimeshanyoosha kidole niifute.

Nimeghairi.

Neno zuri hilo, ghairi. Sisemi zaidi, kuchagua maneno si kazi yangu.

Leo ni Jumatano, na unapofika mstari huu yeye ameshaupita. Basi teleka maji ya chai, maana sidhani kama utawahi kwenda kwake. Atapiga hodi kwako kabla hayajachemka.

Na wewe Mwalimu, shikamoo. Makosa yaliyomo katika jibu hili ni yangu peke yangu. Nakuomba uyapigie mstari mwekundu, kisha unyanyuke. Mtoto anakusubiri.