Herufi ya Mbithe nyuma ya mashua

Jumamosi, Julai.

Jua halijatoka tangu Jumatano, na leo hata halikujaribu. Baridi kavu ya Athi River, mawingu yamelala juu ya mabati. Nimevaa sweta mbili. Moja ni ya Mbithe.

Hiki ndicho kipindi cha mashua kurudi nyumbani. Kila mwaka baridi ikianza, mimi na mke wangu Mbithe tuliileta kwa pikapu kutoka bwawa la Masinga. Mbithe alikuwa mpishi kwenye nyumba ya wageni kule, akajifunza kuendesha mashua ya tanga kabla hajajua kuendesha baiskeli. Ni mashua ndogo, watu watatu wakikaa wanabanana. Tunaipindua uani juu ya matairi makuukuu, tunakwangua rangi iliyovimba, tunapiga msasa, tunapaka vanishi. Tanga linaanikwa sebuleni. Mlingoti ni mrefu kuliko chumba chochote tulicho nacho, kwa hiyo unapitishwa dirishani hadi chumba cha kulala, na dirisha halifungiki mpaka Agosti. Mbithe aliziba ile nafasi kwa blanketi na kusema baridi nayo ni mgeni, ipewe pa kulala.

Mwaka huu nimeziba mwenyewe. Haizibiki.

Alifariki kabla ya mvua za masika.

Nyuma ya mashua aliandika jina kwa mkono wake, kwa rangi ya bluu: MBADO. Alikusudia BADO. Sisi Wakamba ulimi hututangulizia m mbele ya b bila kuombwa, na kwake hata brashi ilifanya hivyo. Watu wa bwawani walicheka. Akawajibu, "Bado ni ya mashua. M ni yangu, M ya Mbithe." Kisha akacheka kuwashinda. Lilikuwa neno lake la kila kitu. Chakula kimeiva? Mbado. Umechoka? Mbado. Hata hospitalini, nesi alipomuuliza kama sasa azime taa.

Miaka yote nilipiga msasa nikiizunguka ile sehemu. Vanishi mpya kila upande, na katikati maandishi yake yakichakaa polepole. Nilitaka yazeeke pamoja nami.

Asubuhi alikuja Kyalo, kaka yake, msimamizi katika kiwanda kimoja huku kwetu. Alileta mashine ya umeme ya kupigia msasa. Nilifurahi, mabega yangu hayawezi tena. Nikamwacha akianza ubavuni, nikaenda dukani kununua brashi.

Niliporudi, M haikuwepo.

Wala zile nyingine. Alianza na M, akaona BADO iliyobaki imekaa upande, akafuta yote ili aandike upya kwa herufi alizokata kwenye katoni, zimenyooka kama za kwenye lori.

"Shemeji, nimekutolea aibu," akasema, akipuliza vumbi. "Hii jina ilikuwa inatuchekesha mpaka Masinga. Dada alienda shule, lakini shule ilikataa kumwingia."

Nilimwambia hapakuwa na maandishi mengine ya Mbithe makubwa hivyo, ya kuonekana mtu akiwa mlangoni.

"Maandishi gani? Hayo yalikuwa makosa. Na wewe ulikuwa unaona, unanyamaza. Mtu akipenda bibi yake anamrekebisha."

Vumbi la bluu lilikuwa kwenye nyusi zake. Ana nyusi za Mbithe.

Sikumpiga. Naandika hivyo kwa sababu nilitaka.

Tuliendelea na kazi, maana ubao uliokwanguliwa ukiachwa wazi unanywa umande. Alasiri upepo ulianza kuleta vumbi la saruji kutoka viwandani, ambalo likitua kwenye vanishi mbichi halitoki tena. Nikamwaga maji uani kulilaza. Hiyo ilikuwa kazi ya Mbithe. Tukapaka bila kusemezana.

Baadaye nilitoka na chai. Ili tu kuvunja ule ukimya, nikamuuliza kama imekauka tupake mara ya pili.

Akagusa kwa kidole. "Mbado."

Alikuwa Mbithe. Ile m inayokaa kidogo midomoni kabla ya kuachiliwa.

"Sema tena," nikamwambia.

"Mbado haijakauka, shemeji. Kwani masikio..."

Alikuwa amejisikia.

"Ile aibu uliyonitolea," nikasema, "imebaki mdomoni mwako."

Nilisema kwa upole, na nilijua upole ungeuma zaidi. Kyalo alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mwanamume mzima, akafunika mdomo kwa kiganja kama mtoto aliyekatazwa kuongea darasani. Mazishini hakulia. Leo alilia. Nami nilisimama nikimtazama na kumaliza chai yangu. Yake ilipoa. Aliondoka bila kuaga, mashine yake ameiacha.

Sasa ni jioni. Nyuma ya mashua panang'aa, hapana kitu. Nimegusa vanishi, haishiki kidole tena. Hata hivyo, kesho baada ya kanisa nitamrudishia Kyalo mashine yake, nimwombe aje nami. Nitamsimamisha pale nyuma na kumuuliza tena kama imekauka.

Yeye alilifuta neno kwenye ubao. Akinijibu "bado", nitajua nani amelifuta lililokuwa limesalia mdomoni mwake.