Samaki wa Mwenye Eda

Jomvu Kuu,
Jumatano, baada ya adhuhuri.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nataraji barua hii itakukuta mzima huko Lamu, wewe na Dada Hafswa na kitoto chake. Je, kinanyonya vizuri? Sisi hapa hatujambo, alhamdulillahi. Baba kikohozi kimempungua na anakusalimu sana; anasema yeye aona arobaini ya Hafswa ina siku sabini. Ningekupigia simu, lakini simu yako huko hupokewa na yeyote aliye karibu, na haya ninayokuandikia siwezi kuyasema watu wakisikia.

Nimechoka, Mama. Naamka nimechoka, nalala nimechoka, na kazi yenyewe ni ya kukaa kitini.

Uliondoka nina wiki moja tu kwa Daktari Wardah wa Kiembeni, kwa hivyo hujui hasa ninachofanya. Wajua amefiwa na mumewe, Bwana Mahfudh, na yumo edani, hatoki. Kazi yake ni magonjwa ya samaki, tangu wale samaki wa mwatiko wanaofugwa mabwawani hapa kwetu walipoanza kufa. Yale ya kwenda mabwawani na maabara ameyasimamisha. Yaliyobaki ni ya kompyuta, nayo mwenye eda aweza kuyafanya chumbani mwake, ndiyo maana akanitaka mimi niliyetoka shule juzi nimsaidie.

Alinieleza kwamba samaki hazaliwi mtupu. Tangu yaini ana walinzi mwilini mwake. Wa kwanza ni protini inayokaa kwenye ngozi ya seli. Ikigusa kijidudu cha ugonjwa, huipasha habari ya pili, ya pili huipasha ya tatu, mpaka seli nzima iamke ipigane. Na kupashana kwao ni kwa kugusana. Nilimwambia basi ni kama wale kina bibi wanaopita mlango kwa mlango kualika harusi: hata ngoma ukiisikia, usipoalikwa mlangoni kwako huendi. Alicheka, na ndiyo mara ya kwanza nilipomwona akicheka.

Kompyuta huchora maumbo ya protini hizo, huyageuzageuza na kuyasogeza pamoja, kisha hutoa alama ya jinsi yanavyoweza kushikana. Mimi huandika alama daftarini. Jozi moja huchukua asubuhi nzima, na umeme ukikatika tunaanza upya. Bi Mwanatumu, jirani yake, huja kumliwaza, akatutazama akatikisa kichwa. Juzi alisema dawa ya samaki aijuayo yeye ni ndimu na chumvi, na kwamba mwari anayeshinda akipatanisha vinyama vya samaki ataposwa na papa. Nilitamani kuingia chini ya meza.

Mwezi wa pili wa eda, Daktari alipata alama kubwa sana baina ya protini ya pili na ya tatu ya mwatiko. Aliamini kwamba habari hupita hapo, na kwamba ugonjwa wa mabwawani huikata hapo hapo. Akamwomba mwenzake wa maabara, Florence, azichanganye protini zenyewe za kweli aone kama zitashikana. Huku nyuma akaanza kuunganisha ya nne na ya tano juu ya hizo mbili, na kuandika makala.

Simu yake na barua pepe zake alikuwa amenikabidhi mimi, kwa kuwa rambirambi zilimzidi. Nilisoma zote, nikampelekea za kazi tu. Kila siku aliniuliza kama Florence amejibu. Kila siku nilimwambia bado.

Mama, Florence alijibu wiki tano zilizopita. Amejaribu mara tatu, na protini zile hazikushikana hata mara moja.

Siku ile nilimkuta Daktari ameketi na kanzu ya marehemu mapajani. Nikakumbuka ulivyoniusia, kwamba mwenye eda hapelekewi habari ya kumvunja moyo. Nikasema bado. Kesho yake ikawa nzito zaidi kusema, na kesho kutwa zaidi. Wiki tano nimeandika alama za jambo nililojua si kweli, naye akishinda kitini mpaka miguu inamvimba.

Jana alisema tusimngoje Florence tena. Makala imekwisha, niitume kwa wataalamu wenziwe, na jina langu amelitia chini ya lake. Nililiona pale: Samah Shee. Sikuituma. Ingekwenda ile, angeaibika yeye mbele ya wenzake, na aliyemtia aibuni ni mimi. Nikamwambia yote, nikitazama mkeka.

Aliniuliza kama najua alivyoambiwa siku aliyokufa mumewe. Mawifi zake walimwambia Bwana Mahfudh anataka uji. Akapika uji wa mchele, akauchuja, akautia kwenye chupa ya chai, akaanza kutafuta kijiko anachokipenda. Nyumba nzima walijua ameshakufa hospitali, wakamwacha atafute kijiko. Akasema kwamba mimi nimempikisha uji ule wiki tano.

Kisha akaniamuru nimsomee barua ya Florence, neno kwa neno, pamoja na hesabu zake. Nilipomaliza akaniamuru niisome tena. Akafuta kazi yote ya wiki hizo kwa mkono wake, akaichukua simu yake mkononi mwangu. Hakusema nirudi, wala hakusema nisirudi. Leo nimeshindwa kwenda kwa kuona haya. Kesho nitakwenda, inshallah, nibishe hodi. Akitaka kunifukuza anifukuze nikimtazama.

Usinikasirikie, Mama, wala usijilaumu. Wasia wako ulikuwa wa huruma, na mimi niliushika kwa sababu ulinifaa.

Nisalimie Dada Hafswa, na kitoto nibusie utosini. Baba anauliza mtungi wa mbaazi uliuweka wapi. Na huko likitokea jambo lolote, jema au baya, niambie siku hiyo hiyo, lilivyo.

Wako akupendaye na anayekuombea afya,

Mwanao,
Samah