Vyuma vya Baba Chitra

Yadavagiri, Mysuru
Siku ya pili baada ya Sankranti

Kwako Nalini, mdogo wangu wa tumbo moja,

Salamu zangu zikukute umekaa barazani kwako, goti limetulia na joto la Mangaluru halijakuchosha. Mimi sijambo. Kikohozi cha msimu wa baridi kilinitembelea, kikakuta sina mazungumzo, kikaondoka. Binti yangu Chitra alipiga simu juzi kutoka Melbourne, watoto wazima, yeye mwenyewe amenenepa kidogo na hataki niseme. Pamoja na barua hii nimekufungia ufuta na sukari guru ya sikukuu ya Sankranti. Kula, useme mema kama desturi inavyotaka, hata juu yangu.

Nasema hivyo kwa sababu najua umeudhika. Barua zako zote zimenifika. Umeniandikia kwamba chumba kimepakwa rangi, kitanda kimeletwa, na dirisha nimetengewa lile linalotazama mfenesi. Kisha katika barua ya mwisho ukaniuliza, kwa upole uliouma kuliko tusi, kama nimebadili nia. Sikusahau, Nalini. Tuliahidiana tungali wasichana kwamba tukibaki wawili tutazeeka pamoja, tukigombania kioo kimoja. Mumeo alipotangulia uliningoja. Wangu alipomfuata ulisema sasa hakuna kizuizi, na mimi nikasema naam, hakuna. Basi nivumilie nikueleze kilichonishika huku. Sikuweza kukieleza kwa simu, maana kwa simu wewe hukimbilia kunipa pole kabla sijamaliza.

Unaikumbuka nyumba yangu ilivyokuwa. Ulipokuja kwenye arusi ya Chitra ulilala ukiwa umebanwa kati ya ukuta na gunia la cheni, na asubuhi sari yako ilikuwa na doa la grisi ambalo halijatoka mpaka leo. Kiwanda cha pikipiki kilipofungwa, wenzake shemeji yako walitafuta maisha mengine. Huyu akafungua duka la kahawa, yule akarudi shambani. Yeye alikuwa ameunga injini za Jawa tangu ujana wake, na hakukubali kwamba kazi ile imekwisha. Akaanza kuokota spea. Mwanzoni lilikuwa jambo la akili, kwa sababu pikipiki zilikuwa bado barabarani na watu walimletea kutengeneza. Lakini pikipiki zilipungua, spea zikaongezeka. Popote aliposikia gereji inafunga milango, alikwenda. Mkusanyaji wa vyuma chakavu akipita na mkokoteni, alitoka nje kama mtu aliyeitwa na mamaye.

Vilijaa, mdogo wangu. Plagi ndani ya makopo ya kahawa. Pistoni zimefungwa katika sari yangu kuukuu, nazo zimepangwa kabatini kama watoto mapacha. Kabureta moja niliikuta kwenye rafu ya sala, nyuma ya picha ya mama mungu Chamundi. Nilipouliza, aliniambia pale hakuna mwizi atakayethubutu. Ukumbini tulipita kiubavu. Wageni walikaa juu ya matairi, nasi tukawaambia ni viti.

Nami niligomba. Wewe unanijua, ulimi wangu haukupata kulala njaa. Nikisikia pikipiki yake inakata kona ya hekalu, nilianza hata kabla hajazima injini: umeleta nini leo, utakiweka wapi, unataka nipike juu ya kichwa chako? Yeye alivua kandambili mlangoni, akashika chuma chake kama mtu aliyeshika kifaranga, akanijibu polepole kwamba mtu hatupi dawa kwa sababu leo haumwi. Kisha nilimpa mchuzi na bonge lake la ugali wa ulezi, akala, nami nikaendelea kugomba mpaka vyombo vimeoshwa.

Watu walitoka Bengaluru, hata Pune, kutaka kununua. Hakuwauzia. Aliwaambia wamlete mgonjwa kwanza, amwone. Ukija na pikipiki yako imekufa, alikupa kifaa, pengine na chakula. Ukija na mfuko wako tu, alikupa kahawa ukaenda zako.

Alipofariki wakati wa mvua, ulikuwa hapa, sina haja ya kukusimulia. Lakini hukuona yaliyofuata. Matanga hayajaisha vizuri, wanaume walianza kunibishia mlango wakiwa na nyuso za huzuni na macho yanayotambaa hadi nyuma yangu, ukumbini. Niliwafukuza wote isipokuwa mmoja, Bwana Ponnappa, mwenye shamba la kahawa kule Madikeri. Huyo alivua viatu, akasimama mbele ya picha ya shemeji yako, akalia bila kujificha. Alinieleza kwamba Baba Chitra alifufua pikipiki ya marehemu baba yake, akakataa malipo. Akaniomba nimwachie vyote. Aliahidi kuvitunza, na vitakwenda kwa watu wanaoendesha. Nikaona huyu ndiye. Tena nilikuwa na haraka ya kuja kwako.

Lori likaja na vijana wake wakabeba. Nilisimama mlangoni nikiwahimiza. Sikufichi, siku ile nilijisikia kama mwanamke ambaye mke mwenza wake amefungasha virago hatimaye na kumwachia nyumba. Miaka yote ile nilikuwa nagawana mume na makopo, sasa nimeshinda. Mwisho kabisa Bwana Ponnappa akatoa ile Jawa nyekundu, ya shemeji yako mwenyewe. Aliipiga teke mara chache, ikawaka. Ikaondoka kuelekea barabara ya Hunsur na sauti yake ileile. Hapo ndipo nilipotambua kwamba sijapata kuisikia sauti ile ikienda bila kujua kwamba jioni itarudi. Niliingia ndani nikafunga mlango.

Nalini, nyumba ilikuwa kubwa. Sikujua kama tuna nyumba kubwa. Nikiangusha kijiko, kinalia mpaka chumba cha mwisho. Nikikohoa, ukuta unakohoa. Nilikuwa nafagia nusu siku nikilaani kila kopo. Sasa nafagia, namaliza, uji haujachemka. Ukutani kumebaki alama za mafuta kila mahali palipoegemea kitu, hapa umbo la ekzosi, pale la gurudumu. Na mimi niliyekuwa nikidai nafasi, kila nikipita ukumbini napita kiubavu. Nimejaribu kujikanya. Mguu unakataa. Wenyewe unajua vilikuwepo.

Nilianza kufunga mizigo yangu nije huko. Kwenye pipa la mchele nikakuta boksi la spana zake ambalo vijana hawakuliona. Nikasema nisije nalo kwako, utanicheka. Nikalipeleka Mandi, kwenye soko la vyuma chakavu, kwa yule Chand Pasha. Humjui. Ni rafiki wa shemeji yako wa siku nyingi, ana kibanda chini ya mabati, ndevu amezipaka hina, nami nilikuwa nimemchukia tangu nilipolisikia jina lake, kwa kuwa kila takataka iliyoingia nyumbani kwangu ilitoka kwake.

Hakutaka kuzipokea spana. Alinifutia kiti kwa kitambaa cha begani mwake, akaagiza chai, akaniita shemeji. Akaniambia kwamba Jumapili bado humtazamia. Alikuwa na habari zake nyingi, habari za mtu aliyekaa naye asubuhi nzima kila wiki, nami nilizinywa kuliko ile chai. Nyumbani watu wameacha kumtaja, wanaona wananihurumia. Kule alitajwa kama mtu aliyechelewa tu njiani. Basi nikarudi Jumapili iliyofuata, na iliyofuata. Hicho ndicho kilichonichelewesha mwanzoni. Nilikuwa nakwenda sokoni kumsikiliza mume wangu.

Sasa nifike penyewe.

Katika moja ya siku hizo nilimlaumu Chand Pasha, nusu mzaha. Nikamwambia spea za Jawa nimezisamehe, ila kuna vitu alivyomuuzia rafiki yake ambavyo hata mimi nisiyejua kitu nilijua si vya pikipiki. Kulikuwa na taa ya trekta, kubwa kama sufuria. Kulikuwa na gurudumu la cherehani, na mkono wa pampu ya kisima. Nikamuuliza kama hakuona haya kumdanganya mtu aliyemwamini.

Mzee wa watu akaweka kikombe chini. Akasema, "Shemeji, mimi nilimdanganya? Taa ile nilimnyang'anya mkononi. Nikamwambia, ndugu yangu, hii haiingii kwenye Jawa yoyote iliyopata kuzaliwa. Akaniambia, 'Najua, Pasha. Hii si ya pikipiki. Hii ni ya mama Chitra.'"

Sikuelewa. Nilidhani labda alitaka kuifunga jikoni.

Chand Pasha akaendelea, akitazama vyuma vyake badala ya kunitazama mimi. "Hata mimi nilimcheka. Nikamwambia, wanawake hupelekewa maua, wewe unampelekea mkeo taa ya trekta? Akasema, 'Nikimpelekea maua anashukuru, ananyamaza. Nikimpelekea hii, tutazungumza mpaka tumalize kula.'"

Nalini, nilirudi nyumbani kwa miguu. Sikukumbuka kama kuna mabasi.

Nilihesabu mambo njiani. Vile vitu vya ajabu vilianza kuingia baada ya Chitra kuondoka. Unakumbuka nilivyokuwa wakati ule. Nilikuwa nimekaa tu, napika bila kuonja, siulizi, sijibu. Nilidhani hakuona, kwa kuwa hakusema neno. Wanaume wa rika lake hawakufundishwa maneno ya namna hiyo. Siku moja akaleta mkono wa pampu ya kisima, akauweka mezani karibu na kahawa yangu, akaenda kunawa. Nami nikafoka, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Nilifoka hadi nikasikia njaa. Na sasa nakumbuka kwamba alikuwa ameinamisha kichwa juu ya sahani na mabega yanatikisika, nikafikiri anasongwa na chakula, nikamsogezea maji.

Miaka yote iliyofuata nilimwambia anapenda vyuma kuliko mimi. Hakunisahihisha. Angenisahihisha, ningenyamaza.

Sasa hili ndilo ambalo sijamwambia hata Chitra. Jumapili iliyopita nilinunua kitu. Ni honi ya basi, ile ya zamani yenye mpira wa kubana, nao mpira umepasuka, na shaba yake imekuwa ya kijani. Haina kazi yoyote duniani. Chand Pasha hakuuliza ni ya nini, alinifungia kwenye gazeti. Nikaificha kwenye kikapu chini ya maua ya yasmini, kama mwizi, nikaingia nyumbani kwangu mwenyewe kwa kunyata. Nikaiweka mezani. Nikaenda kunawa. Nilipotoka nikaiona.

Nikaanza. Nikamwuliza hii nayo ni ya nini, tuna basi hapa? Nikamwuliza tutakula wapi, juu ya mapaja? Nikamwambia mtu mzima hana haya, mvi zimemjaa anacheza na honi. Nilimpa yote, Nalini, yale ya zamani na mapya niliyokuwa nimeyakusanya tangu mvua zile. Na nyumba haikunirudishia sauti yangu. Iliipokea.

Padmamma wa jirani akasikia, akaja mbio mpaka mlangoni akiwa na unga mikononi, akiuliza nagombana na nani. Nikamwambia nagombana na baba Chitra. Alinitazama kidogo, akaitazama honi. Yule naye ni mjane, unajua. Akasema, "Basi nisiwakatize," akaurudisha mlango polepole.

Nilikula vizuri usiku ule. Nililala.

Usidhani nimerukwa na akili, na usimpigie Chitra. Nakuja. Mwezi ukiandama nitapanda basi la asubuhi, utume mtu anipokee stendi maana begi litakuwa zito. Nyumba nitamwachia Padmamma funguo. Sikai huku kulinda kuta. Alichoniachia mume wangu hakikuwa ukutani, na lori la Bwana Ponnappa halikukibeba.

Lakini honi naja nayo. Na kule kwenu Mangaluru nasikia kando ya bandari kuna watu wa vyuma chakavu, nitakwenda kuwaamkia. Kwa hiyo nina ombi moja kwako, na wewe ni mpole, tangu utotoni ulikuwa unaona kosa ukameza mate. Siku utakapoamka ukute chuma chenye kutu kimekaa katikati ya meza yako nzuri ya chakula, usinionee huruma kwa kuwa ni mjane. Usikifute vumbi na kukisogeza kando. Simama hapo, shika kiuno, uniulize nimeleta nini na utakiweka wapi, na usininyamazie mpaka tumalize kula.

Nisalimie majirani wa kulia na kushoto, na yule mama anayekuletea samaki. Uniwekee embe mbichi kwenye chumvi kama alivyokuwa akifanya mama. Mungu akulinde, na goti usilitembeze kwenye ngazi bila sababu.

Ni mimi dada yako akutamaniye,
Vanajakshi