Jina la Bakri Kwenye Skrini

Kismayo

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullah. Naomba Mola barua hii ikukute magoti yamekupa nafuu na usingizi umerudi. Huku Zainab, mkewe kaka Bakri, na watoto wao wana afya ya mwili. Nimempa Wafaa akuletee Mombasa kwa mkono, na nimemwomba asiondoke mpaka umalize kusoma.

Mama, Jumatatu uliponipigia simu ukipiga vigelegele, ukasema, "Mchu wangu, mwanangu Bakri, karudi kazini, Rawda kaliona jina lake," nilikudanganya. Nilisema mtandao mbaya, nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri.

Unajua kaka ndiye aliyetuunganishia kompyuta za hospitali. Majina na nywila za wafanyakazi wote hukaa kwenye mashine moja kuu. Maabara, duka la dawa na wodi zikitaka kumtambua mtu, huuliza huko. Boti ilipopinduka akirudi kutoka kisiwa cha Koyama, tulimtafuta hadi visiwa vya Chovae na Chula. Wenzake tuliwapata, yeye hatukumpata. Tukamswalia swala ya ghaibu, ya maiti asiyekuwepo. Wewe ulikataa matanga, na hakuna aliyekulaumu. Jumapili iliyopita ofisi ikalifunga jina lake kwenye kompyuta, kama inavyofanya kwa kila aliyeondoka.

Kesho yake asubuhi hakuna mfanyakazi aliyeweza kuingia. Rawda, yule mkunga, akaja mbio: kuna mzazi anavuja damu, na majibu yake ya maabara hayafunguki. Nikakagua nyaya, zote nzima. Saa za mashine zilikwenda sawa. Nikaketi mbele ya mashine kuu yenyewe, nikaandika jina langu, ikanikubali. Basi majina yetu hayakuwa na ila. Tatizo lilikuwa katika kule kuuliza. Nikasoma kumbukumbu za makosa, na kila mstari ulisema neno lile lile: anayeuliza haruhusiwi.

Anayeuliza alikuwa Bakri. Alipoziunganisha mashine alizipa zote jina lake na nywila yake za kuulizia, akaniambia atazibadilisha akipata nafasi. Hakuipata.

Rawda alikuwa bado mlangoni, akisema, "Fuadi, mke wa watu anatufia." Nikalifungua jina la kaka. Papo hapo wodi zote zikaingia, na yule mama yu hai, naye mwanawe yu hai. Lakini Rawda aliporudi kwenye kompyuta yake, akaona jina la Bakri miongoni mwa walioingia kazini. Furaha ikamshinda, akakupigia kabla ya kuniuliza.

Ni mimi niliyelifungua, Mama. Kaka hajarudi. Mchana ule nikaunda jina jipya la mashine tu, nikazielekeza zote huko, kisha ikanibidi nilifunge la Bakri tena. Nilisoma Fatiha kwanza. Kidole kilikuwa kizito, Mama, kana kwamba ndio nazika.

Dada Rukia ameniambia umeshamtandikia kitanda, na kutwa unakaa barazani ukitazama njia. Kitanda kiache ukitaka. Lakini ingia ndani, Mama, uwaruhusu majirani waje wakupe mkono wa tanzia. Zainab yuko edani huku, anakuombea subira.

Watoto wanakubusu mikono. Nifikishie salamu kwa Rukia na wote wanaoniulizia.

Mwanao aliyebaki,
Fuadi