Mahali ya Mtoto

Jumanne, 6 Agosti 1968. Mtwara

Nimefua nepi. Kusi linavuma, zimekauka kabla ya adhuhuri. Salumu ametoa jino la pili. Ananing'ata nikimnyonyesha, halafu anacheka.

Baba Salumu amepata uhamisho. Tanga. Atakuwa fundi wa mitambo bandarini, kazi ile ile ya hapa. Meli ni Alhamisi ya wiki ijayo.

Kabla ya hapo ana likizo. Anataka tutembee. Anasema amekaa Mtwara miaka minne na Mikindani ameipita tu, hajaitazama. Halafu twende Msimbati kwetu, tukapumzike. Bwana mmoja wa Mikindani, ambaye Baba Salumu alimtengenezea injini, atatuazima Landrova.

Safari ya Mikindani ni yake. Ya Msimbati ni yangu. Mimi siendi kupumzika. Naenda kumwomba mjomba.

Kwetu mtoto ni wa upande wa mama. Baba anamlisha, lakini mjomba ndiye mwenye neno. Mume wa dada yangu Fatu alipohamia Lindi, mjomba Bakari alisema mtoto abaki. Akabaki. Fatu alipanda gari mgongo mtupu. Nilikuwepo, nilimshikia kapu.

Nimemweleza Baba Salumu yote haya. Amesema kwao Tabora mtoto ni wa baba, na kwamba tutamuaga mjomba kwa heshima na yataisha.

Naogopa. Nimeshaandika, sasa nikapike.


Jumatano, 7 Agosti. Mikindani

Tumefika kwa basi. Tumelala kwa Bi Zuhura, mama yake yule mwenye Landrova. Nyumba ya mawe. Kuta nene, ndani baridi kama mtungini. Mlango una nakshi za maua na Baba Salumu ameupapasa wote, mpaka bawaba.

Tumezunguka mji. Vichochoro, nyumba za ghorofa zenye roshani za mbao, nyingine zimeanguka na mbuzi wanalala ndani. Tumepanda hadi boma la Wajerumani. Tumeshuka. Salumu mzito.

Halafu soko la watumwa. Mlangoni mwanamke anauza mihogo ya kuchoma. Baba Salumu alinieleza watu walivyoletwa kutoka bara kwa miguu. Anajua mengi. Nilimuuliza, mama na mtoto waliuzwa pamoja au mbalimbali? Akasema hajui, mahali alikosoma hawakuandika hilo. Nilimtoa Salumu mgongoni nikambeba mbele. Tulinunua muhogo.

Wakati wa chakula nilisema nimechoshwa na balabala. Baba Salumu alicheka mpaka akapaliwa. Akamwambia Bi Zuhura, "Mama, mimi huku sasa ni mkalimani. Wakisema l, naweka r, naelewa kila kitu."

Bi Zuhura akamjibu, "Na siku watakapokwambia ulale, utakwenda kurara wapi?"

Tulicheka wote. Lakini ni kweli. Masikio yangu hayatenganishi. Tangu utotoni neno ni moja, unajua maana kwa yale yanayolizunguka. Taabu ni kuandika. Darasa la nne nilichapwa kwa ajili ya "balua". Mpaka leo namuuliza Baba Salumu: hapa ni l, fimbo iliyonyooka, au r, fimbo iliyoinama kichwa? Ndipo naandika.


Alhamisi, 8 Agosti. Mikindani

Hatukufanya kitu. Baba Salumu amekaa barazani na wazee wakibishana nyumba ipi kongwe. Mimi nimesuka nywele za Bi Zuhura. Amenifundisha maneno mawili ya kizamani, yote yana maana ya "subiri". Nimeshayasahau.

Ameniuliza mbona sili. Nimesema jino la mtoto.


Ijumaa, 9 Agosti. Msimbati

Landrova ni kuukuu, mlango mmoja umefungwa kwa kamba. Baba Salumu ameendesha akipiga mluzi. Tumerudi hadi Mtwara, tukapita, tukashika njia ya kusini. Tulipofika Madimba askari walitusimamisha kwa ajili ya vita vya ng'ambo ya Ruvuma. Wameangalia vitambulisho, wameangalia chini ya viti. Mmoja alimpa Salumu kifuniko cha soda. Tukaenda.

Baada ya hapo mchanga. Gari linaogelea. Mikorosho, halafu minazi, halafu bahari kushoto, na baadaye kidogo bahari kulia. Msimbati si kisiwa hasa. Ina shingo inayoishika nchi. Lakini maji ya bamvua yakijaa unaona kisiwa kabisa. Baba Salumu anaiita kisiwa. Sikumsahihisha, alikuwa na furaha.

Mama alimchukua Salumu kabla sijashuka. Akampeleka ndani. Hajamtoa.

Mjomba Bakari alikuja jioni. Mwenyewe hujiita Bakali. "Shikamoo mjomba." "Malahaba." Baba Salumu alinikonyeza. Sikucheka.

Athumani, mtoto wa Fatu, amekuwa mrefu. Ananiita mama. Anaita kila mtu mama.


Jumamosi, 10 Agosti. Msimbati

Asubuhi nzuri kuliko zote. Maji yalipokupwa Baba Salumu aliendesha juu ya mchanga wa pwani wenyewe, mgumu kama sakafu. Hakuna barabara, hakuna mtu. Kaa wanatukimbia. Tulikwenda mpaka bahari ilipoanza kugeuka rangi ya chai kwa maji ya Ruvuma. Tukanywa madafu. Salumu alikaa kwenye kidimbwi akakipiga kwa viganja. Ng'ambo ni Msumbiji. Kimya. Baba Salumu alisema tukizeeka tutarudi kuishi hapa. Nilimwamini wakati ule.

Jioni. Mjomba amesema mtoto haondoki. Baba Salumu amekasirika kuliko nilivyowahi kumwona. Mjomba naye. Siwezi kuandika leo.


Jumapili, 11 Agosti. Asubuhi

Baba Salumu hakulala ndani, amelala kwenye gari. Alfajiri alisema tunaondoka sasa hivi, na Salumu, ruhusa iwepo isiwepo. Akawasha alete gari mlangoni. Limezama penye minazi. Magurudumu ya nyuma yote, mpaka tumboni. Ana hasira, ndiyo maana. Fundi mzima ameingia mchanga laini akikanyaga mafuta kama yuko Tabora.

Kina mama wa jirani wamekuja kutazama. Nawasikia hapa nilipo. "Shemeji! Gari limekataa kuondoka bila kuaga!" Anachimba kwa sahani.

Mama yumo ndani na Salumu, ameegemea mlango. Kati ya mlango na gari nipo mimi. Nikimchukua mtoto kwa nguvu, sina tena kwetu. Nikimwacha, nimekuwa Fatu. Basi nimekaa chini naandika ya jana. Angalau mkono uwe na kazi.

Mjomba alisema hivi: "Kwenda, mtakwenda. Mimi sizuii. Ila mahari ya mtoto sijaiona. Bila hiyo mtoto haondoki."

Baba Salumu akasema, "Mahari nilishatoa, mjomba."

"Umeitoa wapi? Tanga?"

"Hapa hapa! Mbele yako!"

"Mbele yangu hujatoa kitu."

"Mimi mwongo? Nilitoa yote kwa ajili ya mama yake. Sasa na mtoto naye ana mahari? Namnunua mwanangu mwenyewe?"

Mjomba akasimama. "Nani kataja kununua? Umekuja kunitukana kwangu?" Akaondoka. Fimbo yake ameiacha kwetu, hakuirudia.

Nimesoma nilichoandika. Hakikai sawa.

Mahari mjomba aliipokea mwenyewe, ndani ya nyumba hii, na sisi kina mama tukapiga vigelegele. Mjomba ni mkali, si mwongo. Na kwetu mtoto hana mahari, sijapata kusikia. Na alisema sijaiona. Mahari hupokewa. Mtu huona nini? Huona kitu kilicho chini, kilichokaa.

Nimeandika fimbo iliyoinama kichwa kwa sababu Baba Salumu ndivyo alivyolichukua lile neno. Yeye ndiye aliyeanza kulichukua hivyo. Mjomba hajawahi kuwa na r kinywani tangu azaliwe.

Nimefuta. Nimeweka iliyonyooka.

Mahali ya mtoto sijaiona.

Nimelisoma kwa sauti. Naenda kwa mjomba. Nimechukua fimbo yake nimpelekee.


Jumapili, jioni

Nilimkuta anapara samaki. Nilimpa fimbo kwa mikono miwili. Nikauliza, mjomba, ile ya jana ya mtoto, ni ile ya kuolea au ni pale pa kukaa?

Akanitazama kama nimeshikwa na homa. "Ya kuolea? Salumu anaolewa na nani?"

Nilikaa chini.

Ni mahali. Kila mtoto wetu anayepelekwa mbali huonyeshwa kwanza mahali pake. Kipande cha ardhi ya ukoo, baba na mama wakiwepo, mtoto anakanyagishwa mchanga, mche wa mnazi unatiwa. Akikua, akiulizwa kwao ni wapi, hana haja ya kufikiri. Mimi sikulijua hilo. Sikuwahi kupelekwa mbali. Mjomba alidhani Mama kanieleza. Mama alidhani mjomba.

Nikauliza, na Fatu?

"Baba yake Athumani nilimwita. Akasema hana nafasi ya kutazama minazi. Basi mtoto nimpe kwenda vipi, kama jani?"

Miaka yote hii sikujua. Fatu hajui.

Tulikwenda kwenye gari. Baba Salumu alikuwa amejaa mchanga hadi nyusi, na kina mama bado wapo, sasa wanaimba. Alipomwona mjomba akasimama wima. Sikumpa nafasi ya kusema. Niliandika chini kwa kidole, herufi kubwa. MAHARI. Kando yake MAHALI. Nikasema, wewe mkalimani, umeweka r isiyohitajika.

Alichuchumaa. Masikio yake yalikuwa mekundu, na yeye ni mweusi.

Mjomba hajui herufi za shule, anajua za msahafu. Akauliza nimeandika nini. Nikamwambia. Akainama, akachora kwa fimbo yake herufi ya re, na kando ile ya lamu. Akazitazama hizo mbili. "Ah. Kumbe mnazitofautisha hata mkisema?" Akajaribu kusema ile ya kwanza. Ikatoka kama ile ya pili.

Baba Salumu alipiga magoti mchangani akamshika miguu. "Nisamehe, baba."

Mjomba akamwinua. "Ulisema mahali umeitoa, tena mbele yangu. Nikasema huyu mtu wa bara, maskini, jua limemwingia."

Hapo ndipo Baba Salumu alipocheka. Vibaya, kwa kikohozi, kama mtu anayelia. Kina mama wakashangilia bila kujua kitu. Halafu wakakata makuti, wakayatandika chini ya magurudumu, wakasukuma. Gari likatoka. Mmoja, somo wa Mama, akamwambia, "Shemeji, sasa aga, uone litakavyokwenda."

Alasiri tulipelekwa. Ni nyuma ya minazi ya Mama, karibu na kaburi la bibi. Padogo. Nyumba moja ingeenea, na jiko. Bahari huioni lakini unaisikia. Mama alimtoa Salumu, akampa Baba Salumu, si mimi. Yeye ndiye aliyemsimamisha mchangani. Salumu alikunja vidole vya miguu. Hapendi mchanga moto. Akakaa kitako akatia mwingine mdomoni.

Mche ulikuwa tayari, mjomba aliuotesha tangu Salumu alipozaliwa. Baba Salumu alichimba shimo. Leo amechimba sana. Athumani alileta maji. Nilimuuliza mjomba taratibu, kama Fatu na mumewe wakija? Akasema mnazi wa Athumani umeshapita kimo cha mtu, wa kuja kuuona hajaja.

Nitamwandikia Fatu.


Jumatatu, 12 Agosti. Mtwara

Tumerudi. Hatukuzama. Baba Salumu alipunguza upepo wa magurudumu mwenyewe, polepole, kila mtu akitazama. Mama alilia kidogo. Mjomba alimpa Salumu nazi kubwa kuliko kichwa chake.

Landrova tumeirudisha Mikindani. Bi Zuhura aliniona akasema, "Jino limepoa."


Jumatano, 14 Agosti. Mtwara

Tumefunga mizigo. Kitanda kimeuzwa, tutalala mkekani. Nyumba ina mwangwi. Salumu amegundua hilo, anapiga kelele na kusubiri.

Barua ya Fatu nimeipeleka posta. Fupi. Nimemweleza mahali ilipo.

Baba Salumu sasa akisikia neno lenye l husita. Jana muuza samaki alimwambia "bei lahisi" akamuuliza mara mbili. Muuza samaki alidhani hana fedha, akampunguzia.

Nimekung'uta nguo zote isipokuwa kaptula moja ya Salumu. Ina mchanga mfukoni. Itakwenda hivyo Tanga.

Baba Salumu amesoma begani kwangu. Sikumkataza. Amesema mahali husemwa "pa", si "ya". Mahali pa mtoto. Amesema kwa upole, kama mtu anayeomba maji.

Najua. Ningeweza kusahihisha, wino upo.

Nimeiacha kama mjomba alivyosema.