Zuhura Amecheka Kabla Yangu

Mchumba wangu Saidi,

Riwaya uliyonitumia kutoka Masasi imefika, na kusema kweli ni tamu. Nimeisoma jikoni hapa Chilangala mpaka mboga ikaungua. Hao wachumba wawili wana midomo! Msichana anamwambia mwenzake, "Nitajie kasoro zako zote kabla hatujaoana." Anajibiwa, "Tukianza leo, harusi itatukuta hapa hapa." Nilicheka peke yangu mpaka mama akaja kuuliza kama nina homa.

Halafu nikakumbuka ulivyoniambia kwenye simu: "Ukifika pale pa kasoro utacheka sana. Zuhura alitusomea dukani, wateja wakabaki wanatushangaa." Zuhura! Huyo unayeuza naye dawa, mwenye kitabu. Kicheko chote kikaniishia. Kila ukurasa nikifungua namkuta ameshatangulia, na wewe umekaa pembeni unamsikiliza. Nina wivu, Saidi. Sizunguki.

Sisi mbona hatukuhitaji kitabu? Msimu ule ulipokuja kutusaidia kuokota korosho, ili wakwe zako wakuone mchapakazi, ulikuwa hutazamani na mama kwa heshima. Ukimwona tu, unajificha nyuma ya mkorosho. Siku moja ukamwamkia huko huko nyuma, "Shikamoo mama." Mama akasimama. "Marahaba. Loo, siku hizi mikorosho ina adabu!" Nilianguka chini na ndoo yangu. Ukaninong'oneza, "Cheka tu, mwakani utakuwa mke wa mti." Wiki nzima nilikuwa nacheka peke yangu kisimani.

Sasa ukipiga simu unauliza mvua, unauliza hali ya mama, unakata. Utani wote unaumaliza dukani, mimi naletewa makombo. Mama anasema huu ni wivu wa kitoto, nani anagombana kwa sababu ya kusomewa kitabu? Hajui kwamba nilikukubali kwa ajili ya mdomo wako tu. Yule wa Newala aliyetaka kunioa alikuwa na shamba kubwa kuliko lenu, na pikipiki juu. Nilimkataa kwa sababu nilikaa naye mchana kutwa na sikucheka hata mara moja.

Sura ya mwisho sijaisoma, wala sitaki kujua kama walioana. Kitabu nakirudisha. Mpe Zuhura shukrani zangu, mwambie nimekipenda, maana nimekipenda kweli.

Wewe njoo Ijumaa. Usibebe zawadi. Njoo na maneno ambayo hujamwambia mtu mwingine yeyote, hata kama ni ya kipuuzi, uniambie mimi kwanza. Ukija kuniuliza habari za mvua, nitajua la kuwaambia wajomba zangu waliopokea posa yako.

Kwaheri kwa sasa, na unisalimie nyumbani kwenu.

Mchumba wako,
mpaka Ijumaa.